Kisu Kikuukuu: Tukitupe au Tukitie Tupa?

Walimu wenzangu,

Katika mkutano mmoja wa walimu wa lugha uliofanyika wilayani kwetu, mashariki ya Uganda, mwenzetu mmoja ambaye namheshimu kwa elimu yake na kwa miaka yake mingi ya kazi alisimama akasema maneno yaliyoshangiliwa na nusu ya ukumbi. Alisema amesikia kwamba katika shule fulani wanafunzi wa kidato cha pili hutumia vipindi vya Kiswahili kunoa visu vya jikoni. Na kwamba ikiwa hayo ndiyo maendeleo ya lugha yetu, basi heri tubaki na ubao na chaki. "Kiswahili," akamalizia, "si kazi ya wapishi wala ya wahunzi."

Hakumtaja mwalimu huyo kwa jina. Basi na ijulikane: mwalimu huyo ni mimi. Siku ile sikujibu, maana jua lilikuwa limekuchwa na wengi walikuwa na safari ndefu. Najibu leo katika kurasa hizi, wala sijibu kwa hasira. Najibu kwa sababu naamini kwamba mwenzetu amekosea mara mbili: amekosea juu ya kisu, na amekosea juu ya lugha.

Kwanza nieleze kisa chenyewe. Mwaka juzi jiko la shule yetu lilikuwa na visu vinane vya kumenyea ndizi na kukatia mboga. Vilikuwa vikuukuu. Mipini yake ilikuwa imefungwafungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na makali yake yalikuwa yamekwisha. Siku moja mama mpishi alikuwa akimenya matoke ya chakula cha mchana. Mpini ukazunguka mkononi mwake, kisu kikamkata kiganja. Alikaa nyumbani majuma mawili. Wakubwa wa shule wakakutana, wakaamua visu vile vitupwe, vinunuliwe vipya. Vikanunuliwa kumi na viwili, vyembamba, vyenye kung'aa, na mipini ya plastiki ya rangi nyekundu. Kabla muhula haujaisha nusu yake vilikuwa vimepinda, na vilivyosalia vilikuwa havipati hata kitunguu. Likaletwa tena shauri la kununua. Hapo ndipo nilipoomba vile vinane vya zamani, ambavyo vilikuwa bado vimelala ghalani ndani ya gunia.

Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Shule yetu ilitupa mbacha, na msala ukapita katika muhula mmoja.

Sasa nizikabili hoja moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya fedha na wakati. Husemwa kwamba kisu ni kitu cha bei ndogo, na kwamba saa ya mwalimu ni ghali kuliko kisu. Anayesema hivi huhesabu bei mara moja tu, ilhali shule hulipa bei hiyo kila muhula. Tena hakitazami kile anachokitupa. Visu vyetu vya zamani vilifuliwa na wahunzi kutokana na springi za magari, chuma chenye kaboni kiasi cha sehemu sita katika elfu, ambacho kikipashwa moto na kupozwa ghafla kama ipasavyo huwa kigumu na hushika makali. Silaumu chuma kisichoota kutu. Tangu Harry Brearley alipokitengeneza mjini Sheffield mwaka 1913 kimefaa majiko mengi ulimwenguni. Lakini chuma hicho kipo kizuri na kipo duni, na mng'aro hauonyeshi tofauti yake. Tulitupa chuma kizuri chenye kutu, tukanunua chuma dhaifu chenye kung'aa.

"Lakini," waliniambia jikoni, "visu hivi havinoleki. Tumevisugua juu ya jiwe mpaka tumechoka." Neno hili ni muhimu, nami nitalirudia. Ni kweli walivisugua, lakini hawakuelewa kwa nini havipati. Tazama kisu kwa upande wa ncha: ni mfano wa kabari, mgongo mnene na makali membamba. Kila kinaponolewa, chuma kidogo hulika, na makali hupanda kuelekea mgongoni. Huko juu chuma ni kinene. Baada ya miaka kumi makali yanakaa mahali pa unene, na hata ukiyanoa vipi yatakata kama shoka linavyokata karatasi. Dawa yake ni kulipunguza kwanza bapa la kisu, yaani ule upande wake mpana, mpaka wembamba urudi. Kisha ndipo yanolewe makali yenyewe. Kisu kilikuwa kinanoleka sana. Kilikuwa hakijanolewa.

Wanafunzi wangu walifanya kazi hii katika vipindi vinne, nami nitaieleza kwa ufupi ili mwenye kutaka aifuate.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha ukaguzi. Kila kikundi kilikielekeza kisu kwenye mwanga wa dirisha na kuyatazama makali kwa juu. Makali butu hung'aa kama uzi mweupe. Makali yaliyo sawa hayaonyeshi mng'aro wowote, kwa kuwa hayana upana wa kurudisha mwanga. Tukatafuta mapengo, nyufa na kutu iliyokula ndani. Kisu kimoja kilikuwa na ufa, na kingine kutu ilikuwa imekitoboa. Hivyo viwili tuliviweka kando, maana si kila kitu kikuukuu huokolewa, na asemaye vinginevyo hudanganya. Cha tatu kilikuwa kimevunjika ncha. Hicho tulikifupisha kwa tupa kikawa kijisu cha kumenyea.

Kipindi cha pili kilikuwa cha mipini. Tuliing'oa ile ya zamani na kuisafisha misuka, yaani ile mikia ya chuma inayoingia ndani ya mti. Mipini mipya tuliichonga kutoka mti wa mpera uliokwisha kukauka, kwani mti mbichi husinyaa ukaacha msuka ukipwaya, au hupasuka. Tulitoboa tundu dogo kuliko msuka, tukalifunga bapa kwa kitambaa kilicholowa maji ili moto usifike kwenye makali, tukaupasha msuka mpaka ukawa mwekundu, kisha tukausukuma ndani ya mti. Msuka ulijichomea njia yake wenyewe, na ulipopoa ukashika. Mdomo wa kila mpini tuliuvika noleo, ile pete ya chuma inayouzuia mti usipasuke. Manoleo yetu yalikatwa kutoka bomba kuukuu la maji.

Kipindi cha tatu tuliondoa kutu kwa majivu na ndimu, tukamalizia kwa msasa. Kisha tukashika tupa. Kisu kililazwa juu ya ubao na kubanwa imara, na tupa ikapitishwa kwenye bapa, kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali, pande zote mbili sawasawa. Tupa hukata ikienda mbele. Ikirudi haikati, hivyo huinuliwa. Ikiwa tupa inateleza tu bila kung'ata, basi chuma cha kisu ni kigumu kama cha tupa, na kazi yote itabidi ifanywe kwa jiwe.

Kipindi cha nne ndicho kilikuwa cha kinoo. Jiwe la jiko letu lilikuwa na bonde katikati kwa kutumiwa mahali pamoja miaka mingi, nalo tulilisawazisha kwa kulisugua juu ya sakafu ya saruji kwa mchanga na maji. Kisu kilisimamishwa wima juu ya jiwe, nyuzi 90. Kikalazwa nusu, 45. Kikalazwa nusu tena, kama 22. Hapo, au chini kidogo ya hapo, ndipo pa kunolea. Upande mmoja ulinolewa mpaka upande wa pili ukajitokeza ukingo mwembamba wa chuma uliojikunja, ambao huhisiwa kwa kidole kikipitishwa kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Ndipo kisu kikageuzwa. Mwishoni ukingo ule uliondolewa kwa kupitisha kisu kwa wepesi, huku na huku, na kukipangusa juu ya mkanda wa ngozi. Kipimo chetu kilikuwa nyanya iliyoiva: kisu kinachopata huingia katika ngozi yake karibu kwa uzito wake chenyewe, kisu butu huiponda.

Visu sita vilirudi jikoni. Tupa mbili tulizonunua zilitugharimu chini ya nusu ya bei ya vile kumi na viwili, nazo bado zipo.

Hoja ya pili ni ya hatari. Je, yafaa kuwapa watoto visu? Hoja hii naiheshimu kuliko zote, na sitaijibu kwa mzaha. Darasa langu lilikuwa la vijana wa miaka kumi na minne na kuendelea. Watoto wadogo singewapa. Kila meza ilikuwa na kisu kimoja tu, kikibanwa kabla ya kuguswa, na aliyekishika hakuruhusiwa kutembea nacho. Lakini nawakumbusha wenzangu kwamba mama mpishi hakukatwa na kisu kikali. Alikatwa na kisu butu chenye mpini uliolegea. Kisu butu humlazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu ikiteleza haichagui pa kwenda.

Pia nakiri kosa. Kijana mmoja, kwa bidii yake, alikichukua kisu nje ya saa za darasa akakipeleka kwa mwenye gurudumu la umeme karibu na soko. Kilirudi kikiwa na rangi ya buluu kwenye makali. Rangi hiyo hutokea chuma kinapofikia joto la nyuzi kama 300 za Selsiasi, nayo ni dalili kwamba ugumu uliowekwa na mhunzi umepungua. Kisu kile kikawa kinapoteza makali baada ya siku mbili. Ilibidi tuitoe kwa tupa sehemu yote iliyobadilika rangi, na kisu kikawa chembamba kuliko wenzake. Kosa halikuwa la kijana. Mimi sikuwa nimemfundisha kwamba gurudumu liendalo kasi lataka maji na mkono mwepesi. Kosa hilo halinithibitishii kwamba somo halifai; lanithibitishia kwamba nilipunguza somo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Husemwa, na husemwa na sisi wenyewe tunaoila mishahara ya Kiswahili, kwamba lugha hii haina maneno ya ufundi, na kwamba mwalimu akitaka kueleza kazi ya chuma hana budi kuruka katika Kiingereza.

La hasha! Hayakosekani maneno, tunakosekana sisi. Nitatoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu. Nina stashahada ya elimu na nimefundisha Kiswahili karibu miaka ishirini. Kabla ya visu vile, neno "tupa" kwangu lilikuwa kitenzi tu. Kifaa chenyewe nilikuwa nikikiita kwa Kiingereza. "Msuka" na "noleo" sikuwa nimeyatamka hata mara moja. Nilifundishwa na mzee mmoja anayetengeneza majembe na baiskeli karibu na soko letu, ambaye katika ujana wake alifanya kazi katika karakana za reli mjini Nairobi, kabla ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Mzee huyu hana cheti chochote cha lugha. Nilipomwendea na kumwamkia, "Shikamoo Mzee," kisha nikamwonyesha kisu na kumwuliza sehemu hii yaitwaje na ile yaitwaje, alinitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "wewe unafundisha lugha gani?"

Nilimwalika darasani. Siku ya kwanza, akiwa ameinama juu ya meza, alinyosha mkono nyuma bila kugeuka, akamwambia mwanafunzi aliyekuwa ameshika kisu: "Tupa!" Kijana yule, kwa utii, akakitupa kisu sakafuni. Darasa zima likacheka, na mzee akacheka kuliko wote. Lakini mimi nilipofika nyumbani sikucheka. Yule kijana alikuwa amepata alama nzuri katika mtihani wa muhula. Alijua kutupa, hatupi, hakutupa na asitupe. Hakujua kwamba kipo kitu kiitwacho tupa, kwa sababu mwalimu wake hakujua. Tulikuwa tumemfundisha kutupa, hatukumfundisha kutengeneza.

Na tuitazame hali ya nchi yetu. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 unataka mwanafunzi aonyeshe analoweza kulitenda, si analolikariri tu. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi haya ni mema. Lakini sote twajua kwamba wazazi wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwa askari mwenye bunduki, nao hawajasahau. Mtoto wao akikutana nacho darasani kama jedwali la ngeli lisilo na mwisho, ataona kwamba amri imebadilika sare tu. Akikutana nacho mikononi mwake, katika kazi anayoweza kuipeleka nyumbani kwa mama yake, ataona kwamba ni lugha ya watu.

Hoja ya nne ni ya mtihani: kwamba mtihani hauulizi juu ya visu. Ni kweli, lakini unauliza juu ya vitenzi, na sijapata kuona mahali bora pa kuvifundishia. Chukua kitenzi "noa" peke yake. Mnoaji hunoa. Kisu kinanolewa. Jiwe ni la kunolea. Mwanafunzi amemnolea mama kisu. Kisu hiki kinanoleka, kile hakinoleki. Hapo mna kutendwa, kutendea na kutendeka, na kila kauli ina kitu cha kuonyeshwa kwa kidole. Chukua "kisu" chenyewe: kisu, visu, jisu, majisu, kijisu, ukubwa na udogo vimelala mezani, hakuna haja ya kuchora. Chukua "pata," ambayo vitabu vingi huieleza kwa maana ya kupokea tu, halafu mwanafunzi amsikie mpishi akisema "kisu hiki hakipati," ajue kwamba lugha ina vyumba ambavyo hajaviingia. Baada ya vipindi vile vinne niliwaamuru waandike insha ya maelekezo, "Jinsi ya Kukirudishia Kisu Makali." Nimesahihisha insha nyingi juu ya "Safari Niliyoifurahia," safari ambazo wengi hawakusafiri. Hizi zilikuwa insha za kwanza ambazo hakuna aliyenakili kwa jirani, kwani kila mmoja alikuwa na kosa lake mwenyewe la kusimulia.

Sisemi kwamba kila kipindi kihamie jikoni. Mashairi yana saa yake, sarufi ina saa yake, na mwalimu asiyefundisha upatanisho wa ngeli ameacha kazi. Nasema vipindi vinne katika muhula si wizi. Wala sisemi lazima iwe visu. Walio ziwani wana mitumbwi na nyavu. Walio mjini wana cherehani na baiskeli. Mahali popote pana kitu kilichochakaa, na pana mtu mzima asiye na cheti ajuaye majina ya sehemu zake.

Basi napendekeza mambo matatu mbele ya chama chetu. Kwanza, kila tawi liteue kazi moja ya mikono ya mahali pake na kukusanya maneno yake kutoka kwa mafundi wenyewe, na maneno hayo yachapishwe katika jarida hili. Pili, fundi aalikwe darasani, akae mbele, aitwe mwalimu, na alipwe nauli yake. Tatu, mkutano ujao wa wilaya tuache hotuba moja, na mahali pake tutengeneze kitu kimoja kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka katika lugha nyingine. Tutajua upesi nani ana maneno na nani hana, nami sitashangaa nikiwa miongoni mwa wasio nayo.

Mama mpishi alipokipokea kisu cha kwanza alimenya ndizi moja bila kusema neno, ganda likatoka jembamba, nyama ya ndizi haikuguswa. Kisha akasema, "Mwalimu, kumbe kilikuwa hakijanolewa." Neno hilo ndilo ninalomrudishia mwenzetu wa mkutanoni. Mara nyingi katika vyumba vyetu vya walimu nasikia ikisemwa kwamba watoto hawa hawafundishiki Kiswahili. Kabla ya kuandika kauli hiyo katika ripoti zetu, tujiulize kwa haki kama si kwamba hawajafundishwa.

Namwomba aje na kisu cha nyumbani kwake katika mkutano ujao, hata kiwe kikuukuu namna gani. Tupa nitaileta mimi.